Kinolewacho Hupata: Kisu cha Jikoni na Habari ya Chuma katika Pwani ya Tanga

Jikoni mwa bibi yangu, mtaani Chumbageni, mjini Tanga, mlikuwa na visu viwili. Kimoja kilikuwa cheupe, chepesi, cha dukani. Hicho kilikata mkate na kumenya machungwa ya wageni. Cha pili kilikuwa kipana na cheusi, mpini wake wa mti wa mpera umeng'aa kwa mafuta ya viganja. Kilifuliwa na mhunzi, na chuma chake kilitoka katika springi ya lori. Hicho ndicho kilichopaa samaki, kilichokata nyama ya sikukuu, kilichochanyata kisamvu na kupasua maboga. Mimi, mjukuu wa kiume, nilikatazwa kukigusa mpaka nilipofundishwa kukinoa. Bibi aliniambia kwa utani wao wa mabibi: "Mume wangu, kisu kisichopata ndicho kikatacho vidole."

Alipofariki dunia, nyumba na vyombo viligawiwa kwa taratibu zake, na kile kisu cheusi kikaniangukia mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekitaka. Nikaondoka nacho. Miaka ikapita, kikafanya ubutu, nami kwa uvivu nikakipeleka katika karakana moja yenye jiwe la umeme. Cheche ziliruka, na kabla sijamaliza kuuliza bei nikarudishiwa kisu kinachometameta, ukingo wake una rangi ya buluu. Nikafurahi. Siku mbili kilikata kama wembe. Siku ya tatu kikashindwa na nyanya, na tangu hapo kila nilipokinoa kilikubali kwa saa moja tu kisha kikalala.

Nilikirudisha Chumbageni, kwa mzee mmoja mhunzi. Baada ya shikamoo na marahaba alikigeuza kwenye mwanga, akaupitisha ukucha juu ya ukingo, akasema: "Mwanangu, hiki wamekiunguza. Umbo lipo, ukali hauko tena."

Kisu hicho hakikuwa na thamani ya fedha. Lakini kilikuwa ndicho kitu pekee nilichorithi kilichokuwa na kazi, nami nilikiharibu kwa kutokijua. Basi nilianza kuuliza: mzee yule alijua nini ambacho jiwe la umeme halikujua? Na elimu hiyo ilifikaje katika pwani yetu, na kwa nini sasa inatutoka?

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba kisu ni miongoni mwa bidhaa za kale kabisa zilizotajwa kwa jina katika habari za pwani hii. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa bahari yetu, kitabu kijulikanacho kama Periplus. Alipofika kwenye habari za Rhapta, bandari ya mwisho aliyoijua upande huu, alitaja vitu vilivyoletwa kuuzwa: mikuki iliyotengenezwa Muza, katika nchi ambayo leo ni Yemen, makusudi kwa soko hilo, kisha mashoka madogo, visu, nyiro za kutobolea na vyombo vya kioo. Ilikuwapo wapi Rhapta, wataalamu wangali wanashindana. Wako wanaoielekeza Pangani, mwendo mfupi kusini ya Tanga, na wako wanaoielekeza kwenye delta ya Rufiji. Ila ilipokuwa ni popote, ni dhahiri kwamba takriban miaka elfu mbili iliyopita mtu wa pwani alikuwa akisimama mbele ya chombo cha mgeni, ameshika kisu cha kigeni, akijiuliza kama kina thamani ya pembe ya ndovu anayotakiwa kuitoa.

Tusidhani hata hivyo kwamba wazee wetu walikuwa wanunuzi tu. Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi katika ufalme wa Sicily, alimaliza kitabu chake kikubwa cha nchi za dunia. Yeye mwenyewe hakufika huku, bali alikusanya habari za wasafiri. Na kwa mujibu wa habari hizo, Malindi na Mombasa zilikuwa na machimbo ya chuma, na biashara ya chuma ilikuwa pato lao kubwa. Aliandika pia kwamba chuma cha Sofala kilichukuliwa hadi India, ambako mafundi walikigeuza kuwa silaha zilizosifika. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameithibitisha sehemu ya habari hizo: katika magofu na vijiji vya kale vya pwani ya Kenya yamepatikana mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki baada ya kuyeyusha, na Chapurukha Kusimba na wenzake wamechunguza vyuma vya huko na kuonyesha kwamba uhunzi ulikuwa kazi ya wenyeji.

Hapa pana fundisho la kwanza. Pwani ilituma chuma ghafi ikapokea chuma kilichokwisha kufuliwa. Faida ilikuwa katika moto na nyundo, si katika udongo, na moto ule ulikuwa ng'ambo. Anayewatazama leo vijana wenye mizani wakipita mitaani kununua vyuma chakavu, huku maduka yamejaa visu vilivyotoka viwandani China, ataona kwamba biashara hiyo haijasahau njia yake.

Bara ya Tanga nayo ilikuwa na mabingwa wake. Katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na kwa mujibu wa simulizi zilizokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo, ukoo huo ndio uliotawala Ugweno hapo kale kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Si jambo dogo kwamba wafua chuma walikuwa watawala: aliyejua kutengeneza jembe na mkuki alishika chakula na usalama wa nchi. Na mbali zaidi, katika nchi ya Wahaya magharibi ya Ziwa Viktoria, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba wahunzi wa kale wa huko waliweza kutoa pua, yaani chuma kigumu chenye kaboni, katika tanuri zilizopulizwa hewa iliyokwisha pashwa moto. Kwa hiyo anayesema kwamba Mwafrika alikijua chuma kwa kuletewa na meli, hakuuliza vya kutosha.

Lakini meli zilikuja, tena kwa wingi. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara, reli ya kwanza katika koloni lao, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge; miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ulichipua uchumi mzima wa mkoa, hata kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za katani. Mara nyingi tunaisimulia habari hiyo kwa mashamba, kwa reli na kwa manamba walioletwa kutoka mbali. Tunasahau kwamba yote yalitegemea kisu. Jani la mkonge halikuvunwa kwa mashine. Lilikatwa moja moja, kwa mkono, mwiba wa ncha ukiondolewa kwanza ili usimpofushe mtu, kisha majani yakafungwa matita na kuhesabiwa. Mkata mkonge mwenye kisu butu hakumaliza kazi yake ya siku, na asiyemaliza hakuandikiwa siku.

Mambo hayo mawili, reli na mkonge, yalimgeuza mhunzi wa Tanga. Hakuwa tena na haja ya kuyeyusha mchanga mweusi wenye chuma. Chuma kilikuwa kimelala njiani: vipande vya reli, mitambo iliyokufa na, magari yalipozidi, springi zao. Kazi yake ikawa kuchagua. Na hapa ndipo elimu yake ilipojificha, kwa sababu chuma si kimoja. Springi ya gari ina kaboni kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, na kwa sababu hiyo inaweza kukomazwa kwa moto ikashika makali. Nondo laini ya kujengea haikomai hivyo. Mhunzi hakuwa na maabara. Alikijua chuma kwa cheche zake, kwa mlio wake juu ya fuawe, na kwa jinsi kinavyovunjika.

Lugha yetu imeihifadhi elimu hiyo vizuri kuliko sisi. Waswahili walitenganisha chuma na pua, na juu ya pua wakaiweka feleji, pua bora ya panga za fahari. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inalo neno noleo, yaani pete ya chuma inayobana mahali ambapo kisu huingia mpinini, na inalo neno kinoo, jiwe la kunolea. Ni vijana wangapi wa leo wanaoyajua? Kisu chenyewe tulikisema kwa kitenzi cha pekee: kisu kikali kinapata, kisu butu hakipati. Ndiyo maana ya methali yetu, kinolewacho hupata. Wengi huifasiri kwamba mwenye bidii hujaliwa, na hawakukosea. Lakini maana yake ya kwanza ni ya jikoni, kwamba chuma kinachonolewa hukata.

Mji wa Tanga, ambao vikundi vyake vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilivuma pwani nzima katika miaka ya 1960 na 1970, uliyajua makali ya namna nyingine pia. Neno la fumbo linalomchoma mwenzako bila kumtaja tunaliita kijembe, na kijembe ni kisu kidogo. Washairi wetu hunoa ndimi, hutia beti makali. Je, mshairi ambaye hajawahi kunoa kisu atajua analolisema? Tamathali hukaa hai kwa muda ule ambao kazi iliyoizaa ingali hai. Kazi ikifa, hubaki kuwa neno la kukariri.

Sasa turudi jikoni, maana historia isiyomsaidia mtu kuchagua kisu sokoni ina upungufu. Visu vyeupe tunavyouziwa leo vina asili yao. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki akapata pua iliyochanganywa na kromiamu, isiyoshika kutu kwa urahisi. Aliona mara moja kwamba inafaa kwa visu. Mafundi wa mjini kwake walimcheka, wakamwita mvumbuzi wa visu visivyokata, kwa kuwa pua hiyo ilihitaji moto wa namna yake na wao hawakuwa wameuzoea. Baadaye waliujua, na visu vyema vikatoka. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo baadhi ya wazee, kwamba kisu cheupe ni kibovu kwa asili. Kilicho kibovu ni kile kilichotengenezwa kwa chuma cha vijiko.

Utavitenganishaje? Chukua sumaku ndogo. Kisu cheupe ambacho sumaku haikishiki hata kidogo, aghalabu ni cha chuma ambacho hakiwezi kukomazwa kwa moto. Makali yake hayatadumu, ukinunue kwa bei yoyote. Kikishika sumaku, hilo ni dalili njema, ingawa si hati ya ushahidi. Kwa kisu cha mhunzi, omba tupa, ipitishe kidogo sana karibu na ukingo: tupa ikiteleza, makali yamekomazwa, ikitafuna, chuma ni laini. Kisha tazama umbo. Bapa liwe nene mgongoni, likonde taratibu hadi ukingoni. Lishike kama mtu anayelenga shabaha, uone kama limenyooka. Tazama mpini: mkia wa chuma uingie ndani kwa kina, noleo libane, pasiwe na mwanya wa kuingiza maji, kwa kuwa kutu ya mpinini huanza mahali usipopaona. Mwisho kishike mkononi, ukiwaza kazi yenyewe. Nyumba haihitaji visu kumi. Kimoja kipana cha nyama na mboga, kimoja chembamba cha samaki, na kimoja kidogo cha vitunguu na kumenyea, vinatosha. Nazi tuliachie panga, tena kwa mgongo wake.

Kununua ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku, na kwetu pwani ni kazi yenye adui. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi na unyevu ndivyo vyakula vya kutu. Kisu cha mhunzi kilichokata ndimu au embe bichi kikaachwa mezani mpaka adhuhuri kitabadilika rangi. Hilo la rangi si aibu: weusi ule wa kisu kikongwe ni kama ngozi yake, humkinga. Wekundu ndio ugonjwa. Dawa yake ni kukiosha papo hapo, kukikausha kwa kitambaa, na kama kitalala siku kadhaa bila kazi, kukipaka mafuta ya nazi kidogo. Bibi yangu hakuwahi kukilaza kisu ndani ya karai la vyombo, wala kukichokonolea makaa. Hakukatia juu ya sahani wala juu ya sakafu; alikuwa na kibao chake cha mti, kwa kuwa mti huyahurumia makali. Na kilipomaliza kazi kilirudi kwenye ala ya ngozi iliyotundikwa ukutani, si katika droo ambamo vyuma husuguana.

Ama kunoa, hakuna siri ila subira. Kinoo kiloweshwe maji na kikae imara juu ya kitambaa. Kisu kilazwe, kisha mgongo uinuliwe kidogo: kwa bapa la upana wa sentimita nne, uinuke kiasi cha sentimita moja na robo. Pembe hiyo isibadilike. Sukuma kuanzia shinani hadi nchani, mara kumi upande mmoja, mara kumi wa pili, ukipunguza nguvu kila unapoendelea. Asiye na kinoo atumie kitako cha bakuli la kaure, pale pasipopakwa rangi. Wanawake wa pwani walilijua hilo tangu zamani. Mafundi wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe la kuzungushwa kwa miguu nao wana faida, mradi wasifanye haraka. Hatari ni joto. Ukingo ulioona rangi ya buluu umepashwa hadi karibu nyuzi 300 za selsiasi, na ukomavu uliotiwa na mhunzi umeyeyuka. Hayo ndiyo yaliyonifika.

Dini nayo ililiona jambo hili. Katika mafundisho ya Mtume kuhusu kuchinja, anayechinja ameamrishwa akinoe kisu chake ili asimtese mnyama. Yaani makali si ukatili. Ubutu ndio ukatili, kwa mnyama na kwa kidole cha mpishi.

Yule mzee wa Chumbageni alikiokoa kisu. Alikitoa mpini, akakirudisha motoni mpaka kikawa chekundu na sumaku ikaacha kukishika, akakichovya katika mafuta, kikalia. Kisha akakisugua kidogo na kukipasha tena kwa moto mdogo, mkono wake uko tayari, macho yake kwenye rangi. Ilipotokea rangi ya majani makavu alikiondoa. "Ukichelewa pumzi moja," alisema, "umerudi kule kule karakana." Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Jiwe la umeme lilikuwa limekiharibu kwa dakika moja.

Nilimwuliza ni nani anayemrithi. Alicheka. Methali yasema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua, basi walau atapuliza mivukuto. Wanawe wawili, alisema, hawasani wala hawavukuti. Mmoja anaendesha pikipiki ya abiria, wa pili yuko Dar es Salaam. Springi nazo zimepanda bei, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu hufika kabla yake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi watu humletea majembe yaliyovunjika, lakini visu hawaleti, kwa kuwa kisu kikifanya ubutu hununuliwa kingine.

Sidhani kwamba tutaweza kumrudishia mzee yule wanafunzi kwa kuandika makala. Lakini mlango mmoja umo mikononi mwetu. Mhunzi huishi kwa mteja anayejua tofauti, na mteja huyo hulelewa jikoni. Mtu anayenoa kisu chake mwenyewe hutambua baada ya mwezi mmoja chuma kipi kinapata na kipi kinadanganya. Akishatambua, hatokubali tena kuuziwa chuma cha vijiko, na atamtafuta fundi.

Kisu cha bibi sasa ni chembamba kuliko alivyokiacha. Moto na mawe vimekula sehemu yake. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kupika, hukilaza juu ya kinoo. Binti yangu huketi kando akihesabu, kumi upande huu, kumi upande ule. Mwezi uliopita alikiomba akinoe yeye. Nilimpa, naye akalilaza bapa, akaliinua mgongo, akaanza. Mikono yake ilitetemeka kidogo, lakini pembe haikubadilika. Tulikijaribu kwa nyanya, nacho kikapata.